Hermon Bumpus: Msomi aliyewapima shomoro waliopigwa na dhoruba

MWANZONI mwa Februari mwaka wa 1898, mji wa Providence katika jimbo la Rhode Island, kaskazini mashariki mwa Marekani, ulikumbwa na dhoruba kali ya theluji, mvua na barafu. Wanadamu walijifungia majumbani mwao na kuwasha moto. Shomoro hawakuwa na pa kwenda. Wengi walipatikana wakiwa hoi, manyoya yamelowa na viungo vimekufa ganzi kwa baridi.

Shomoro 136 kati ya hao walipelekwa katika maabara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Brown, kilichomo mjini humo. Humo ndani, 72 walipata nguvu tena na kuishi. Waliosalia 64 walikufa.

Mtu mwingine angewaachilia walio hai na kuwatupa waliokufa, na habari ikaishia hapo. Lakini mwalimu wa anatomia ya wanyama chuoni humo, Profesa Hermon Carey Bumpus, aliyekuwa na umri wa miaka 35, alijiuliza swali ambalo limewashughulisha wasomi hadi leo. Je, waliokufa walikufa kwa bahati mbaya tu, au kulikuwa na jambo katika miili yao lililowatenga na wenzao walionusurika?

Ili kulijibu, alichukua mizani na vipimo, akaanza kuwapima ndege wote, mmoja baada ya mwingine.

Mwana wa Maine

Bumpus alizaliwa tarehe 5 Mei 1862 katika mji mdogo wa Buckfield, jimbo la Maine, eneo ambalo majira yake ya baridi ni marefu na makali. Alisomea Chuo Kikuu cha Brown na kuhitimu mwaka wa 1884. Kati ya mwaka wa 1886 na 1889 alifundisha elimu ya wanyama katika Chuo cha Olivet, jimbo la Michigan.

Kutoka huko alijiunga na Chuo Kikuu cha Clark, ambacho kilikuwa kimefunguliwa karibuni katika jimbo la Massachusetts. Huko aliandika tasnifu kuhusu jinsi kamba wakubwa wa bahari ya Atlantiki wanavyokua ndani ya mayai yao. Mwaka wa 1891 akawa mtu wa kwanza kabisa kutunukiwa shahada ya uzamifu na chuo hicho.

Wakati huo tayari alikuwa amerejea Brown kama mwalimu. Kila msimu wa joto alikuwa akienda Woods Hole, kijiji cha pwani ambako maabara ya elimu ya viumbe wa baharini ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1888. Kwa miaka kadhaa alikuwa naibu mkurugenzi wa maabara hiyo. Wasomi waliokutana hapo walikuwa na mazoea ya kutoa mihadhara, kisha mihadhara hiyo ikachapishwa vitabuni. Ni katika mihadhara hiyo ndimo Bumpus alimotoa habari za shomoro wake.

Ndege mgeni

Shomoro wa nyumbani si mwenyeji wa Marekani. Aliletwa kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1850 na kuachiliwa Brooklyn, New York, kwa matumaini kwamba angewala viwavi waliokuwa wakiharibu miti. Badala yake alizaana kupita kiasi, akaingia kila mji na kila shamba, akala nafaka na kuwafukuza ndege wengine katika viota vyao. Kufikia mwaka wa 1889, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa imechapisha ripoti nzima kuhusu madhara yake.

Ndege huyo huyo amefika Afrika Mashariki pia, na wakazi wa miji ya pwani kama Mombasa humwona kila siku akidonoa makombo mbele ya maduka na hoteli.

Wakulima walimwona kuwa adui, lakini kwa Bumpus alikuwa kama jaribio ambalo hakuna mtu aliyelipanga. Kiumbe aliyezoea hali ya hewa ya Ulaya alikuwa ametupwa katika bara lenye baridi na joto la namna nyingine. Je, mwili wake ungebaki vile vile?

Hata kabla ya dhoruba, Bumpus alikuwa amelinganisha mayai 1,736 ya shomoro, nusu yake kutoka Uingereza na nusu kutoka Marekani. Aligundua kwamba mayai ya Marekani yalitofautiana zaidi kwa ukubwa na umbo. Kwa hivyo dhoruba ya 1898 ilipopiga, ilimkuta mtu aliyekwisha kuwa tayari kuuliza swali lifaalo.

Vipimo tisa

Kwa kila ndege, Bumpus aliandika vipimo tisa. Alipima urefu wa mwili wote, upana wa mbawa zikinyooshwa, na uzito. Alipima pia urefu wa kichwa pamoja na mdomo, upana wa fuvu, mfupa wa juu wa bawa, mfupa wa paja, mfupa wa mguu, na mfupa wa kidari ambao misuli ya kurukia imeshikamana nao.

Aliwagawa ndege hao katika makundi. Madume waliokomaa walikuwa 59, na kati yao 35 walinusurika. Madume wachanga walikuwa 28, wakanusurika 16. Majike walikuwa 49, na 21 tu ndio waliopona. Hivyo zaidi ya nusu ya madume waliishi, ilhali zaidi ya nusu ya majike waliangamia.

Alipolinganisha vipimo vya walio hai na vya wafu, aliona tofauti. Walionusurika kwa jumla walikuwa wafupi kidogo na wepesi zaidi, lakini mifupa ya mbawa na miguu yao ilikuwa mirefu zaidi, na mafuvu yao mapana zaidi. Aidha, alihoji kwamba ndege waliokuwa wamepotoka mbali na umbo la wastani, wakubwa kupindukia au wadogo kupindukia, ndio waliopukutika kwa wingi.

Tangu Charles Darwin alipochapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka wa 1859, wasomi walikuwa wakibishana iwapo uteuzi wa asili ni jambo linaloweza kushuhudiwa au ni nadharia ya vitabuni tu. Bumpus alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuleta takwimu za viumbe wa porini walioteuliwa na mazingira machoni pa watu, katika mji unaojulikana na siku inayojulikana.

Hatua iliyompa sifa ya kudumu, hata hivyo, ilikuwa nyingine. Alipochapisha mhadhara huo hakutoa wastani peke yake. Aliorodhesha vipimo vya kila ndege, wa kwanza hadi wa 136, aliyekufa na aliyepona. Kwa kufanya hivyo alimpa kila msomaji uwezo wa kumkosoa.

Kwa nini mwili una maana

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ni lazima kurudi nyuma nusu karne. Mwaka wa 1847, daktari na mwanaanatomia wa Ujerumani, Carl Bergmann wa Göttingen, alichapisha kazi iliyohusu joto la mwili na ukubwa wa mnyama. Hoja yake inaweza kueleweka jikoni. Chai iliyomo kikombeni hupoa upesi kuliko ile iliyojaa birikani. Chombo kikubwa kina chai nyingi ikilinganishwa na eneo la nje linalopoteza joto.

Mwili wa ndege hufuata kanuni hiyo hiyo. Ndege mdogo ana ngozi nyingi kwa kila gramu ya mwili wake, kwa hivyo hupoteza joto haraka na hulazimika kula sana ili asife kwa baridi. Ndege mkubwa huhifadhi joto kwa urahisi zaidi. Bergmann alitabiri kwamba miongoni mwa wanyama wenye damu moto wa jamaa moja, walio wakubwa wangepatikana katika nchi za baridi, na wadogo katika nchi za joto. Mifano yake mingi ilikuwa ya ndege.

Mwaka wa 1877, Mmarekani Joel Asaph Allen aliongeza jambo la pili. Viungo vinavyochomoza, kama vile masikio, miguu na midomo, huwa vifupi katika baridi na virefu katika joto, kwa kuwa ni kupitia viungo hivyo joto hutoroka.

Kanuni hizo mbili zilieleza ramani, yaani nani anaishi wapi na ana umbo gani. Hazikuonyesha jinsi mabadiliko yenyewe yanavyotokea. Shomoro wa Providence walikuwa dirisha la kuchungulia jambo hilo. Usiku mmoja wa baridi kali waweza kuondoa miili ya aina fulani na kuacha ya aina nyingine, na wale waliobaki ndio watakaotaga mayai majira ya kuchipua yakifika.

Samaki waliorejea

Katika kipindi hicho hicho, Bumpus alikuwa akiongoza utafiti wa maabara ya Tume ya Uvuvi ya Marekani huko Woods Hole. Hapo alihusika na kisa kingine ambacho kilimwonyesha uwezo wa hali ya hewa juu ya viumbe.

Mwaka wa 1882, mamilioni kwa mamilioni ya samaki wa aina moja wa vilindi walikuwa wameonekana wakielea wamekufa katika bahari iliyo karibu na pwani ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Wataalamu wengi walishuku kwamba maji baridi yaliingia ghafla katika eneo ambalo samaki hao walikuwa wamezoea uvuguvugu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa wametoweka. Bumpus ndiye aliyeandika taarifa ya kurejea kwao, iliyochapishwa mwaka wa 1899.

Jumba la makumbusho

Mwaka wa 1901 Bumpus aliacha kufundisha akaenda New York, katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la Marekani. Mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wake. Miongoni mwa wasimamizi aliowakuta humo alikuwa Joel Asaph Allen, yule yule wa kanuni ya miguu na midomo, ambaye alisimamia mikusanyo ya ndege na mamalia.

Bumpus aliamini kwamba jumba la makumbusho si ghala la mifupa kwa ajili ya wasomi wachache. Alitaka mtoto wa shule na mfanyakazi wa kiwandani waingie, watazame, na waondoke wakiwa wameelewa. Msimamo huo ulimletea migogoro. Mwanaanthropolojia mashuhuri Franz Boas, aliyeona kwamba utamaduni wa watu hauwezi kurahisishwa ili kuwafurahisha wageni wa siku moja, alijiuzulu mwaka wa 1905 baada ya kutofautiana na Bumpus pamoja na rais wa jumba hilo, Morris Jesup.

Jesup alifariki mwaka wa 1908 na nafasi yake ikachukuliwa na Henry Fairfield Osborn. Uhusiano wa Osborn na Bumpus uliharibika, na kufikia mwaka wa 1911 Bumpus alikuwa ameondoka. Aliyewang'oa wengine naye aling'olewa.

Hata hivyo, katika miaka hiyo alikuwa ameweka msingi mwingine. Chama cha Makumbusho cha Marekani kilipoundwa mwaka wa 1906, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake wa kwanza.

Alikwenda Wisconsin, akashika usimamizi wa shughuli za chuo kikuu cha jimbo hilo. Baadaye akaongoza Chuo cha Tufts, karibu na mji wa Boston, hadi mwaka wa 1919.

Mbuga kama darasa

Wengi katika umri wake wangepumzika. Bumpus, aliyekuwa amepita miaka 60, alianza kazi ambayo huenda iliwagusa watu wengi kuliko zote alizofanya. Katika miaka ya 1920 aliongoza kamati ya chama cha makumbusho iliyotafuta namna ya kuweka makumbusho ndani ya mbuga za taifa, kwa msaada wa fedha za familia ya Rockefeller.

Wazo lake lilikuwa rahisi. Mbuga yenyewe ndiyo makumbusho, na jengo lapaswa kuwa dogo, la mawe na magogo ya mahali hapo, likimwelekeza mgeni atazame nje badala ya kutazama ndani. Makumbusho ya Yosemite, kituo cha kutazamia bonde kuu la Grand Canyon, na vijumba vya kando ya njia huko Yellowstone vilijengwa kwa mtazamo huo. Watunzaji wa mbuga wanaowaeleza wageni habari za wanyama na miamba wanafuata desturi ambayo yeye alisaidia kuianzisha.

Bumpus alifariki tarehe 21 Juni 1943 mjini Pasadena, California, akiwa na umri wa miaka 81.

Takwimu zilizoishi

Lakini shomoro wake hawakuzikwa pamoja naye. Kwa kuwa jedwali la vipimo lilikuwa limechapishwa lote, kizazi baada ya kizazi cha wasomi kimelifungua na kulihesabu upya.

Walichokigundua hakikumpendeza Bumpus kila mara. Wakosoaji walisema kwamba uzito ni kipimo cha kutiliwa shaka, kwani ndege aliyepigwa na baridi huunguza mafuta yake saa baada ya saa, na uzito wake hubadilika kulingana na wakati alipopimwa. Mifupa ndiyo haibadiliki. Zaidi ya hayo, hakuna aliyejua shomoro wangapi walikufa bila kuokotwa, wala wangapi walikuwa wamejificha salama.

Mwaka wa 1972, watafiti wa Marekani walilichambua jedwali hilo kwa mbinu za kisasa za takwimu. Walipotenganisha jinsia, picha ilibadilika. Miongoni mwa madume, wenye miili mikubwa ndio waliopona zaidi, kama ambavyo hoja ya Bergmann ingetarajia. Miongoni mwa majike, waliopona zaidi ni wale wa wastani, na wale wakubwa sana na wadogo sana waliangamia. Hivyo Bumpus alikuwa sahihi kuhusu kundi moja, na alikuwa amekosa kuliona jambo muhimu katika kundi la pili.

Miaka minane kabla ya hapo, mwaka wa 1964, Richard Johnston na Robert Selander walikuwa wameonyesha kwamba shomoro wa Amerika Kaskazini walikwisha kugawanyika kulingana na mahali. Wale wa kaskazini penye baridi walikuwa na miili mikubwa kuliko wale wa kusini penye joto, na rangi zao pia zilitofautiana. Mabadiliko hayo yalikuwa yametokea katika muda wa takriban karne moja tu tangu ndege hao waletwe. Mwaka wa 1970, Frances James alionyesha kwamba si baridi pekee inayohusika bali pia unyevu wa hewa, kwani ndege wa maeneo yenye joto na unyevu ndio waliokuwa wadogo zaidi.

Hata hivyo, kanuni ya Bergmann si sheria isiyovunjwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba inafuatwa na zaidi ya asilimia 72 ya spishi za ndege zilizochunguzwa. Zilizobaki zina njia zake, kwani chakula, uhamaji na ushindani pia huamua ukubwa wa mwili.

Dunia inayopata joto

Katika karne hii swali la Bumpus limepata uzito mpya. Iwapo baridi huchagua miili, basi joto nalo lazima lichague.

Mwaka wa 2020, watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya ndege 70,716 wa spishi 52 waliookotwa baada ya kugonga majengo mjini Chicago kati ya mwaka wa 1978 na 2016. Ndege hao walipimwa na mtu mmoja, mfanyakazi wa jumba la makumbusho la mji huo, kwa subira iliyofanana na ile ya Bumpus. Katika muda huo mfupi, mfupa wa mguu, ambao hutumiwa kukadiria ukubwa wa mwili, ulikuwa umepungua kwa asilimia 2.4, huku mbawa zikirefuka kwa asilimia 1.3. Mwaka wa 2021, watafiti wengine waliripoti kwamba ndege wa spishi 77 wa msitu wa Amazon, wanaoishi mbali na mashamba na miji, walikuwa wamepungua uzito tangu miaka ya 1980.

Ndege hao wote hawakujua kwamba wanapimwa. Jambo linalowatia wasiwasi wataalamu si ule upungufu wa milimita chache. Ni swali la iwapo miili ya ndege itaweza kubadilika kwa kasi ile ile ambayo hali ya hewa inabadilika. Shomoro ni ndege mgumu, mwenye vifaranga wengi na makao kila mahali. Ndege wa kilele cha mlima mmoja, au wa msitu mmoja uliobaki, hana nafasi ya kupoteza nusu ya jamii yake kwa siku moja na kuanza upya.

Bumpus hakuyaona hayo, wala hakudai kuyaona. Aliandika alichokikuta, ndege kwa ndege, pamoja na vile visivyotoshea vizuri katika hoja yake. Wakurugenzi waliogombana naye wamesahaulika na watu wengi, na hata uongozi wake wa vyuo na makumbusho hukumbukwa na wachache. Lakini wanafunzi wa elimu ya viumbe na takwimu katika nchi nyingi bado hupewa lile jedwali la mwaka wa 1898, na kutakiwa watafute kwa akili zao wenyewe ni kwa nini wale 72 waliamka, na wale 64 hawakuamka.